Kiingereza cha Kudai Mtoto

Siku ya kwanza hakutusalimia. Aliingia darasani amejifunga vikwembe viwili, yaani vitenge, kimoja juu ya kingine kwa sababu ya baridi ya Masisi, akasimama mbele yetu na kusema sentensi moja ya Kiingereza. Akairudia, akairudia tena, mpaka na sisi tukaweza kuitamka, ingawa tuliitamka kama watu wanaotafuna kitu cha moto. Tulidhani ni salamu. Baadaye ndipo alipotupa maana yake: "Tafadhali nieleze tena, sijaelewa." Mwenzetu mmoja aliyetoka Kibabi akauliza kwa nini tusianze na habari ya asubuhi kama watu wote. Mwalimu akamtazama.

"Habari ya asubuhi, hata kasuku anaisemaka," akasema. "Ile ya kuuliza tena njo iko nguvu. Batu banaiogopaka."

Tulimwita Mama Anglais, kwa Kifaransa cha Wabelgiji waliotutawala, kwa kuwa Kiingereza ndicho alichotufundisha. Jina alikuwa nalo, na ukoo pia, na wajuzi wa mambo ya koo wapo kwao Buleusa, waulizeni wao. Mimi nitasema nilichokiona.

Tulikuwa wasichana na wake vijana wachache tuliochaguliwa na misheni, katika miaka ile ya hamsini, tufundishwe kazi ya kutembelea watu: mama aliyejifungua na hana msaidizi, mjane anayegombewa shamba na mashemeji, mgonjwa anayefichwa nyuma ya nyumba. Serikali ilituita asistanti sosiali. Baba yangu kule Nyamitaba alishindwa kulitamka jina hilo, akawa anawaambia majirani kwamba binti yake anafundishwa kuingia nyumba za watu, jambo ambalo lilinipa sifa nisiyoitaka. Masomo mengine yote yalikuwa kwa Kifaransa na Kiswahili. Lakini manesi wa misheni ile walitoka kwa Waingereza, na wao ndio tuliopaswa kuwapelekea habari za nyumba tulizozitembelea. Ukiwa huna Kiingereza, habari ya mjane wako inapitia mdomoni mwa mpishi wa nesi, na mpishi naye ana haraka, chungu chake kiko motoni. Ndiyo maana likawekwa somo la Kiingereza cha kazi, na aliyepewa kulifundisha ni mama aliyekuwa akifua mashuka ya maternite, wodi ya wazazi.

Alikuwa na mtoto mmoja, msichana, na msichana huyo alikuwa Uganda, katika hospitali ya wakoma. Misheni nzima ilijua hivyo, naye hakuficha. Huko kwao Buleusa, upande wa Walikale, mtoto alipokuwa wa umri wa kung'oka meno ya mbele, alitokewa na mabaka mgongoni ambayo hata ukiyachoma na mwiba hayasikii. Watu wakaanza kusema ajengewe kibanda chake msituni, ng'ambo ya mto, kama walivyojengewa wengine kabla yake. Nesi mmoja aliyekuwa akipita vijijini akichanja watu akasema kuna mahali kwa Waingereza wanakoutibu ugonjwa ule, na watoto wanalelewa hukohuko mpaka wapone. Mama aliuliza jambo moja tu: atarudi lini? Nesi akajibu maneno marefu, akitikisa kichwa, akihesabu kitu kwenye vidole. Mpishi aliyekuwa akitafsiri akayafupisha yote kuwa neno moja. Akasema, "Karibuni."

Karibuni ile iliota mvi. Mpishi hakuwa mtu mbaya, na Mama Anglais hakuwahi kumtukana mbele yetu; alimwonea huruma mwanamke aliyesimama na mtoto mgongoni, basi akampa neno tamu. Lakini neno tamu lile ndilo lililomfanya amtoe mtoto bila kumpeleka kwa ndugu kuaga, bila kumpaka mafuta, bila hata kumwambia vizuri anakwenda wapi. Alidhani mwezi mmoja, pengine miwili.

"Nikaapa," alituambia, "hakuna mutu atasimama tena katikati yangu na bale benye kushika mutoto yangu."

Akaacha shamba lake, akapanda kwa miguu mpaka Masisi, akaomba kazi yoyote iliyo karibu na manesi. Wakampa mashuka. Sasa sikieni ujanja wake. Nesi akija kuchukua mashuka safi, Mama haachii. Anashika upande wake, nesi anashika upande wake, wanatazamana, mpaka nesi ampe sentensi moja ya Kiingereza ya siku hiyo. Wa kwanza alikasirika. Wa pili alicheka. Baadaye ikawa desturi ya nyumba ile, wakawa wanakuja na sentensi zao tayari. Na yeye alizichagua. Hakutaka kujua meza inaitwaje, wala embe, wala mvua. Alitaka namna ya kuuliza hali ya mgonjwa, namna ya kuuliza nani ameamua na kwa nini, namna ya kuuliza dawa hii inafanya nini na ile inafanya nini, na namna ya kusema sikubali bila kumkasirisha mwenye ufunguo. Alijifunza Kiingereza cha kumdai mtoto wake, basi, kingine chote alikiacha mlangoni mwa maternite.

Hicho ndicho alichotufundisha, na nitawaambia ukweli, kilitufaa kuliko Kifaransa chote cha yule mwalimu wetu mwingine mwenye tai.

Darasani aliweka viti viwili. Kimoja kilikuwa cha kizungu, chenye egemeo na miguu minne mizima; kingine kilikuwa kigoda cha kwetu, kifupi, ambacho ukikikalia magoti yanakuja mpaka kidevuni. Kwenye kiti anakaa anayeuliza, kwenye kigoda anakaa aliyekuja na shida. Kila sentensi ilijifunzwa mara mbili, mara ya kwanza ukiwa juu na mara ya pili ukiwa chini. Mimi nilikipenda kiti, sikatai. Nilikuwa binti wa watu wenye ng'ombe wawili watatu, na nilikuwa na shingo ndefu. Nilikaa pale nikauliza kwa Kiingereza kilichonyooka ana shida gani, tangu lini, na kwa nini hakuja mapema. Mwenzangu wa Kibabi, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akicheza mjane, akainamisha kichwa na kushindwa kujibu, na hakuwa anaigiza. Mama Anglais akaniinua kwa sikio, taratibu tu, kama unavyochuma boga. Akanishusha kwenye kigoda na wiki ile nzima hakuniruhusu kupanda.

"Uko na Kiingereza ya muzuri," akaniambia. "Lakini unaiuliza kama askari wa kodi. Ona magoti yako. Mutu akiona magoti yake mwenyewe, anasahauka maneno yote."

Alikuwa na misemo yake. Alisema Kiingereza ni bugali kavu, mboga unaileta wewe. Maana yake ilikuwa kwamba sentensi za wazungu zimekatwa fupi mno, na ukizitoa hivyohivyo kwa mtu mwenye huzuni zitamkwama kooni. Lazima utie sauti, utie macho, utie kukaa kimya kidogo. Alilichukia neno sori. Manesi walilisema kutwa, sori hapa na sori pale, hata wakigonga beseni wanaliomba radhi. "Sori haichotaki maji," alisema. Ukimwambia mtu sori, lazima mkono wako uwe unafanya kitu: unamshikia mtoto, unapuliza moto wake, unatwaa ndoo. Sori ya mikono mitupu alitukataza kabisa.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa juu ya watoto. Manesi walikuwa na swali lao la kwanza ambalo waliliona dogo sana: una watoto wangapi? Kwetu watoto hawahesabiwi. Ng'ombe unahesabu, mikungu ya ndizi unahesabu, ila mtoto ukimtia kwenye hesabu umemwonyesha kwa kidole kwa kila kitu kinachopita na kusikiliza. Na tena, mtu atahesabu vipi? Aliyekufa anahesabiwa au anaachwa? Mwenzangu wa Kibabi, kwa hamu ya kumpendeza nesi, alilitoa swali lile kama lilivyo kwa mama mmoja aliyekuja na mtoto mwenye homa. Yule mama alimtazama, akafunga mtoto wake mgongoni, akachukua kapu lake, akaondoka na homa ile mpaka kwao. Ikabidi tumfuate milimani kwa matope siku nzima kumbembeleza. Alikuja, Mungu ni mwema, na mtoto akapona.

Mama Anglais hakumgombeza mwenzetu. Alikwenda kwa nesi mkubwa, mwanamke mrefu mwenye miguu kama ya korongo na moyo mzuri, akamweleza kwa Kiingereza chake cha polepole kwamba swali lile likae mfukoni. Sisi tutauliza namna nyingine. Tutauliza: jioni, chungu kikiepuliwa, unamwita nani na nani? Mama anaanza kutaja majina, na akitaja jina na kunyamaza kidogo, unajua huyo ndiye aliyekufa, unanyamaza naye. Akimaliza, umekwisha kujua yote na hakuna mtoto aliyehesabiwa. Nesi mkubwa alifikiri, akasema ni swali zuri kuliko lake, na tangu siku hiyo akaliuliza yeye mwenyewe kwa Kiswahili chake kilichopinda, na wamama wakacheka na kumjibu.

Mama Anglais, mtu mzuri namna hiyo, utafikiri alikuwa mpole. Hata. Alikuwa na ulimi wa pilipili. Mhubiri wetu aliuonja ulimi huo kwa ajili ya sahani. Kila jioni Mama akipika, kabla hajatia kitu kinywani, alitenga chakula cha mtoto wake kwenye sahani ya bati, akakifunika na jani la mgomba, akakiweka ndani karibu na mlango. Asubuhi watoto wa jirani walikuja kukila, na ndiyo maana watoto wa jirani walinenepa. Mhubiri akasikia, akaja na Biblia yake kwapani kusema kwamba huko ni kulisha mizimu, mambo ya msituni ambayo Mkristo ameyaacha.

"Papa Pasta," Mama akamwambia, "muzimu gani anakulaka ndizi na maharagi ya baridi? Mimi niko na mutoto mwenye uzima. Akifika bila kutuma neno, atakuta nini? Atakuta mama yake amekula peke yake?"

Mhubiri akasema tuombe. Wakaomba. Alipoinuka kwenda, Mama akamwekea na yeye ndizi mbili kwenye jani, na mhubiri akazibeba.

Na mkaguzi, sijawaambia habari ya mkaguzi. Alikuja Mbelgiji mmoja wa serikali kutazama masomo, na serikali ile haikupenda kusikia Kiingereza katika nchi yake, iliona ni kama mtu anayenong'ona na jirani kupitia ukuta. Tulimwona akishuka kwenye gari lake huku sisi tuko katikati ya somo, mmoja kwenye kiti, mmoja kwenye kigoda. Mama Anglais, ambaye Kifaransa chake chote kilikuwa bonjour na wimbo mmoja wa kanisani, akatuinua kwa mikono miwili tukaimba wimbo ule. Mkaguzi akasikiliza mlangoni. Tulipofika mwisho hakwenda, basi tukauanza upya. Tuliuimba mpaka akavua kofia akaaga. Nesi mkubwa alikuwa nyuma yake na uso umemwiva kwa kicheko alichokibana.

Alitukataza kuahidi. Hiyo ilikuwa sheria yake ya chuma. Usimwambie mgonjwa atapona, usimwambie mjane shamba litarudi. Sema utakalofanya wewe, kesho, kwa miguu yako, ukome hapo. Alikuwa na haki ya kuikazia sheria hiyo kuliko mtu yeyote. Lakini yeye mwenyewe, kila maharagi yalipochanua, alimwambia kila aliyepita njiani kwamba mutoto anakuja mwaka huu. Alimwambia muuza chumvi, akamwambia dereva wa kamyo la mizigo. Tulipomkumbusha sheria yake alitukunjia uso. "Ile si ahadi," alisema, "ile ni njaa."

Alikwenda kumwona mara moja. Ilikuwa mwaka wetu wa pili. Gari la misheni lilikuwa linavuka kwenda Uganda kuchukua dawa, na nesi mkubwa akampa nafasi mbele, karibu na dereva. Alisuka nywele, akaazima viatu vyangu, ambavyo vilimbana, akavibeba mkononi. Alipoondoka tulimwombea kanisani. Aliporudi, asubuhi iliyofuata alikuwa darasani kabla yetu, amekaa kwenye kigoda.

Akaanza mwenyewe. Alikaa mbele ya mganga mkuu wa kule na akauliza yote aliyokuja nayo. Walimjibu vizuri, kwa adabu. Mtoto bado ana ugonjwa. Dawa iliyopo ni ya sindano, ni ya polepole, na wapo wanaopona na wapo wasiopona. Hawajui lini. Aliuliza tena, wakaeleza tena, na safari hii hapakuwa na mpishi.

"Nilielewa yote," akasema. "Njo ilikuwa mubaya sana."

Mwenzangu wa Kibabi akamuuliza kama basi ilikuwa afadhali ile karibuni ya zamani. Akatikisa kichwa. Akasema hapana, uongo unapendeza, lakini unamwacha mtu peke yake.

Halafu akatueleza jinsi alivyoletewa mtoto. Walimleta mpaka kwenye kamba iliyotenganisha wageni na wagonjwa, kwa maana kushikana mikono kulikatazwa. Alikuwa amerefuka, amevaa gauni safi. Akasalimia kwa Kiingereza, vizuri sana, kama wanavyosalimia wageni wote wanaoleta pipi. Mama akamwita kwa lugha ya kwao Buleusa. Mtoto akageuka kumtazama nesi, kama mtu aliyeulizwa swali ambalo jibu lake liko kwa nesi. Kumbe lugha ilikuwa imemtoka. Wagonjwa wenzake walikuwa wa huko Uganda, akashika lugha yao, na wenye kumlea walikuwa Waingereza, akashika ya hao. Ya kwao hakuwa na mtu wa kuisema naye. Mama alikuwa amemaliza miaka akijifunza Kiingereza ili aseme na wazungu, na sasa akaona kwamba akitaka kusema na mwanawe pia, hana njia nyingine.

Tulilia sisi. Yeye alikuwa na macho makavu. "Mungu alijua mbele," akatuambia. "Kama singejifunza hii Kiingereza, leo ningekuwa bubu kwa mutoto yangu. Sasa mufunge midomo, tufanye kazi."

Nilimaliza masomo nikapelekwa Kibabi. Niliolewa huko, nikapata mtoto wa kubeba mgongoni wakati wa kutembelea nyumba za watu, na mtoto huyo alifungua milango mingi kuliko cheti changu. Mama Anglais tulionana mara chache. Magoti yalianza kumsumbua, akaacha mashuka, akaacha na darasa. Misheni wakampa nyumba ndogo ya udongo chini ya maternite, akalima maharagi. Sahani ya mlangoni iliendelea.

Kisha vikaja vidonge vipya. Sisi watu wa kazi ile tulivisikia kwanza kwa manesi: wakoma wanameza na mabaka yanafifia, na vibanda vya msituni vinaanza kubaki vitupu. Siku moja nesi mkubwa akanitumia mtu niache vyote nipande Masisi. Binti amepimwa, akapimwa tena, hana ugonjwa. Anarudi na gari la dawa. Nesi alitaka awepo mtu wa kukaa na Mama siku hiyo, mtu aliyejifunza kwake, na akasema pia kwamba majirani watahitaji kuelezwa, maana kupona ni jambo moja na kukubaliwa ni jingine.

Majirani nilimaliza nao asubuhi. Watoto wao walikuwa wamekula sahani ile miaka mingi, wangesema nini. Nikamkuta Mama nyumbani amekwisha kupika: ndizi, samaki wa kukaushwa, na mafuta ya mawese yaliyotoka Walikale, mekundu. Alivaa kikwembe kipya ambacho kilikuwa bado na ukakamavu wa duka. Alikuwa amekuwa mdogo wa mwili, Mama yule. Midomo ilikuwa inacheza, nikajua anapitia Kiingereza chake.

Gari likafika mchana. Alishuka mwanamke mzima, mrefu, gauni la maua, viatu vya kufungwa, sanduku la bati. Vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vimekunjika ndani na havikunjuki. Nesi mkubwa akamleta mpaka mlangoni, akafanya jambo la busara, akaondoka.

Wakakaa kwenye benchi moja. Mama akajaribu kwanza kwa lugha ya kwao, maneno mawili tu. Binti akatabasamu kwa aibu, akatikisa kichwa. Kwa Kiswahili alijua "jambo" na "aksanti" tu. Basi Mama akanyoosha mgongo, akaanza kwa Kiingereza.

"Safari yako ilikuwaje?"

"Nzuri, asante."

"Una maumivu mahali popote?"

"Hapana, asante."

"Walikueleza vizuri namna ya kutumia dawa zako?"

"Ndiyo, walinieleza."

"Ulipata chakula cha kutosha? Kuna mtu aliyekutendea vibaya?"

"Hapana. Walikuwa watu wema."

Nikaelewa kinachotokea. Alikuwa anamhoji. Alikuwa hana kingine. Miaka yote ile alitafuta maneno ya kumtoa mtoto mikononi mwa watu, na hakuna shuka hata moja alilolishika kwa ajili ya neno la kumwambia mtoto akishafika. Njoo nikusuke, umekonda hivi, mkaidi kama baba yako, kula kabla hakijapoa: hakuwa nayo. Nikataka kumsaidia, nikatafuta kichwani mwangu, na sikukuta kitu, kwa sababu Kiingereza changu chote nilikipata kwake. Wanawake watatu katika nyumba moja, wawili wanapendana kufa, na lugha ya pekee iliyokuwepo ilikuwa ya ofisi.

Mama akafika mwisho wa maswali yake. Nilimwona akitafuta jingine, akikosa. Akauliza lile ambalo kazi yetu inamalizia nalo, kwa sauti iliyoanza kukatika:

"Una swali lolote?"

"Ndiyo," binti akasema. Akageuka kumkabili. "Mimi walinitunza. Na wewe, miaka hii yote, nani alikuwa anakutunza?"

Mikono ya Mama Anglais ikashika kikwembe kile kipya ikakikunja. Halafu akaanza kusema, lakini si kwa Kiingereza. Alisema kwa lugha ya Buleusa, kwanza chini chini, kisha kwa sauti, maneno yakikimbizana, akilia, akipiga paja, akionyesha njia, akionyesha mgongo wake mahali anapobebwa mtoto, na pengine alikuwa anasema habari ya siku ile aliyomtoa bila kumuaga, sijui, mimi ni mtu wa Nyamitaba, lugha ile siijui. Binti alichukua mkono wake, akaufunika na ule wake wenye vidole vilivyokunjika. Hakuelewa hata neno moja. Tulimsikiliza mpaka akamaliza.